Kumtafsiri Baba

Mkonze, Dodoma
4 Februari 2024

Kaka Abubakari,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Hiyo shikamoo usiipokee kwa furaha sana. Mama amekaa pembeni hapa, ananisikiliza naandika huku nasoma kwa sauti, ndiyo maana imetoka.

Sisi wazima. Mama goti linamuuma mvua ikikaribia, kwa hiyo sasa hivi yeye ndiye mtabiri wa hali ya hewa wa mtaa mzima. Akishika goti majirani wanaanua nguo. Mimi bado nimepanga Nkuhungu, nauza karanga zangu pale stendi. Nawaambia wateja ni karanga za kuongeza akili. Akirudi mtu kulalamika kwamba akili haijaongezeka, namwambia dozi bado, anunue tena.

Simu yako nimeipiga wiki nzima. Inaita mpaka inaona aibu, inakata yenyewe. Nikasema basi niandike, nimpe Filipo, yule utingo wa basi la Kondoa. Barua haina kitufe cha kukata.

Sasa jambo lenyewe. Jumatano walikuja vijana wawili na kopo la rangi. Hawakubisha hodi. Wamepita nyuma ya jiko la Mama, wamepiga X nyekundu juu ya kaburi la Baba. X kama ile ya nyumba za kubomolewa barabarani. Mama alikuwa anapepeta uwele. Akawauliza, "Wanangu, hapo mnaandika nini?" Mmoja akamjibu, "Bibi, muulize mwanao mkubwa."

Unajua tangu wapimaji walipopita na kusogeza mawe ya mipaka, kaburi limeangukia kwenye kiwanja cha jirani, hatua nne tu. Jirani naye ameiuzia kampuni, wanataka kujenga kituo cha mafuta. Nikaenda kwa Octavian, mwenyekiti wetu wa mtaa. Akatoa karatasi ya Kiingereza kutoka kwa wakili wa kampuni. Akasema, "Nurdini, mkubwa wenu ameridhia mzee ahamishwe. Mwisho wa mwezi wa tano wanachimba." Chini kabisa sahihi yako, ile yenye mkia kama wa kinyonga.

Nikacheka. Unanijua, nikikasirika sana nacheka. Octavian akadhani nimefurahi, akanipa mkono.

Kaka, Baba aliuza ng'ombe ukasome sekondari, mimi nikaishia darasa la nne nikichunga waliobaki. Sikunung'unika. Nilisema acha mmoja wetu akijue Kiingereza, siku moja kitatukinga. Sasa kimetukinga. Kimemkinga Baba mpaka anatolewa shimoni.

Umemuuza? Kama umemuuza sema. Mama anasubiri jibu, na mimi nasubiri, ila mimi nasubiri nimesimama.

Mdogo wako,
Nurdini


Kondoa
19 Februari 2024

Mdogo wangu Nurdini,

Waalaykum salaam. Marahaba. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Filipo na nimeisoma. Hapa nyumbani tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Munira anakusalimu. Mvua zimekuwa nzuri, mahindi ya bondeni yamesimama vizuri, tumbili ndio wanatusumbua. Kazi ya ukarani hapa ghalani inaendelea. Mfikishie Mama salamu zangu za dhati na umwambie asitembee sana na hilo goti.

Kuhusu suala ulilogusia, napenda kukufahamisha kwamba masuala ya ardhi ya mjini yana taratibu zake. Si kila jambo linalohusu familia hujadiliwa kwa hasira. Nilitia sahihi baada ya kusoma kwa makini na kujiridhisha. Lugha uliyotumia, kwamba "nimemuuza", si lugha ya kumwambia kaka yako mkubwa, na sitaijibu.

Nina ombi moja tu, la kawaida. Hiyo nakala aliyonayo mwenyekiti, nenda ukanakili yale maneno yaliyo juu kidogo ya sahihi yangu. Usiniambie maana yake, nakili tu herufi kwa herufi kama yalivyo, unitumie. Nahitaji kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi.

Mtunze Mama.

Kaka yako,
Abubakari Hasani


Nkuhungu
2 Machi 2024

Kaka,

Salaam. Leo niko peke yangu, Mama hayupo, kwa hiyo shikamoo hakuna.

Hapa heri. Msimu wa zabibu umeanza, watoto wa stendi wote midomo ya zambarau. Mama goti limetulia, ila sasa haupepeti uwele nyuma ya jiko, anapepetea mbele, vumbi lote linaingia sebuleni. Nimemuuliza kwa nini. Anasema hawezi kumpa Baba mgongo na ile rangi iko juu yake, na hawezi kumtazama pia. Basi tunakula ugali wenye vumbi kwa sababu ya sahihi yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu kutafuta neno "samahani". Nimekuta "napenda kukufahamisha". Kaka, mimi si mkurugenzi wako. Mimi nilikubeba mgongoni mto ulipofurika, ukiwa umevaa viatu vya shule hutaki viloe, na mimi ndiye mdogo. Usiniandikie kama unaniombea kibali.

Unasema ulisoma kwa makini ukajiridhisha. Halafu unaniomba nikanakili ulichokisoma kwa makini. Nimecheka tena, na safari hii nimecheka njia nzima mpaka kwa Octavian. Akaniuliza, "Leo kuna harusi?" Nikamwambia hapana, nimetumwa na karani.

Haya, maneno yako haya hapa, nimeyachora kama mtu anachora mbuzi, sijui kichwa kiko wapi: translation of the remains. Yaweke kwenye kumbukumbu za ofisi. Ukimaliza kuyaweka, uje uifute hiyo sahihi. Octavian anasema aliyesaini ndiye anayeweza kufuta, aje mwenyewe, mguu wake na mdomo wake. Sisi wengine tukienda tunaambiwa mkubwa wenu ameshaongea.

Mwezi mtukufu unaingia. Nitafunga, lakini hasira haivunji saumu, nimemuuliza shehe.

Nurdini


Kondoa
13 Aprili 2024

Nurdini,

Assalaam alaykum. Natumaini mmemaliza mfungo salama na mmesherehekea Idi. Sisi tumesherehekea vizuri, tulipata wageni wengi kutoka Haubi. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu, ghalani kulikuwa na ukaguzi.

Nimelitafakari suala lile kwa utulivu. Ndugu yangu, kuhama si jambo geni kwa binadamu. Baba mwenyewe alihama Haubi akaja Dodoma. Hata Mtume, rehema na amani zimshukie, alihama Makka. Pengine tusiutazame uhamisho huu kama balaa. Makaburi ya pamoja yana uzio na yanatunzwa. Baba atakuwa na majirani. Mweleze Mama hivyo, taratibu, kwa maneno mazuri. Wewe una kipaji cha maneno.

Kuja Dodoma kwa sasa sitaweza.

Kaka yako,
Abubakari


Nkuhungu
21 Aprili 2024

Abubakari,

Salaam yako imefika. Idi tumekula. Mama alikuandalia mkeka, akautandika, jioni akaukunja.

Nilipoisoma ile ya Hijra nilitaka kuichana, nikakumbuka karatasi ni biashara yangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alihama akiwa hai, kwa miguu yake, na alijua anakwenda wapi. Hakufukuliwa na kampuni ya mafuta. Maneno mazuri ya kumwambia Mama sina. Kipaji changu ni cha karanga.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Kaa chini. Kama umekaa, simama.

Mimi karanga nafungia kwenye karatasi za vitabu vikuukuu, nanunua kwa kilo. Mwezi wa pili nilinunua mzigo kwa dada mmoja anaitwa Yasinta, babu yake alikuwa mwalimu huko Mvumi enzi za mkoloni. Ndani kulikuwa na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, kuukuu, haina jalada, nene kama tofali. Nimekuwa nikiichana toka mwanzo. A imeliwa. B imeliwa. Hapa Nkuhungu kuna watu wamemaliza herufi H nzima kwa karanga za chumvi na Kiingereza chao bado kile kile.

Sasa kuna binti amepanga chumba cha jirani, anaitwa Witness, anasoma chuo. Jana amenunua karanga, badala ya kula akaanza kusoma karatasi. Akaniambia, "Kaka Nurdini, hii ni kamusi ya zamani mno. Maneno mengine humu siku hizi hayatumiki hivi." Akanisomea alichoshika mkononi, neno remove. Kuondoa, kila mtu analijua. Lakini anasema zamani ilikuwa pia kumvua farasi kiatu cha mguu huu ukamvika mguu ule. Na ilikuwa pia sahani inayotolewa mezani ili nyingine iletwe. Na ilikuwa hatua ya undugu: Wazungu wanapima ndugu kwa kuondoa, huyu ameondolewa mara moja, yule mara mbili. Nikamwambia ninaye mmoja, tumbo moja baba mmoja, amejiondoa mara ambazo hiyo kamusi haina.

Tukacheka. Halafu ndiyo nikakumbuka. Nikamwambia, "Witness, herufi T bado hatujaila. Nitafutie neno hili." Nikamchorea yule mbuzi wangu.

Akafunua. Akasoma kimya. Akaacha kutafuna.

Akasema neno hilo siku hizi ni tafsiri, kutoa maneno lugha hii kupeleka lugha ile, basi. Lakini kwenye hiyo kamusi tafsiri iko mwisho wa mstari. Mwanzo kabisa ni kuhamisha kitu, hapa kwenda pale. Kisha ni askofu kutolewa kiti hiki kupelekwa kile. Kisha ni mtu kupaishwa mbinguni bila kufa. Mpaka fundi anayegeuza viatu vikuukuu kuwa vingine aliitwa hivyo hivyo. Na katikati pale, kaka, katikati pale, ni kutoa mifupa ya mtu kaburini kuipeleka kwingine.

Nikamuuliza, na lile neno la pili? Akasema hilo ni maiti, masalia. "Lakini mtu akilisoma haraka," akasema, "atadhani ni vitu vilivyobaki."

Nikakaa juu ya ndoo ya karanga.

Kumbe hukumuuza. Kumbe ulisoma "tafsiri ya vilivyobaki". Karatasi za Baba za kiwanja zilizobaki, zitafsiriwe Kiswahili, ukaona ni jambo jema, ukaweka mkia wa kinyonga. Ndiyo maana uliniomba nikunakilie. Ulipopata barua yangu ya kwanza ndiyo ulijua umefanya nini, na mimi ndiye niliyekuambia.

Sasa nisikilize vizuri. Nilipokuwa nadhani umemuuza Baba, hasira yangu ilikuwa ya mtu mmoja. Sasa ni ya ukoo mzima. Miezi miwili nakuita muuza kaburi na wewe unanyamaza, unakubali. Ungeandika mstari mmoja tu, "Nurdini, sikuelewa", ningeshapanda basi mimi mwenyewe nije kukushika mkono. Badala yake unaniletea uzio na majirani. Ulipenda Mama aamini amezaa katili kuliko aamini amezaa mtu asiyejua neno moja la Kiingereza. Neno ambalo hata Waingereza wenyewe wameshalitupa, mimi nafungia karanga.

Na yule wakili naye nina lake. Kiswahili hakina aibu, kinasema kufukua. Ukimwambia mtu "saini hapa tumfukue baba yako" atakupiga na kiti. Yeye akazunguka akatafuta neno lililovaa suti.

Mama sijamwambia. Nakuachia wewe.

Nurdini


Kondoa
30 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salaam. Munira mzima. Watoto wazima.

Ni kweli.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Wakili alikuja mwenyewe hapa Kondoa, na gari jeupe. Ilikuwa siku ya kupokea alizeti, ghala limejaa wakulima. Akanisemesha kwa Kiingereza mbele yao wote. Watu wakanyamaza kutusikiliza, kama wanasikiliza redio. Akanipa karatasi, nikaisoma ikiwa imewekwa juu ya gunia. Akaniuliza kama imeeleweka. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba imeeleweka sana. Wazee wakapiga makofi, Nurdini. Nilidhani ni hati za Baba zilizobaki, hata nikamsifu kwamba kampuni yake inathamini Kiswahili.

Ningeweza kumwambia anisubiri nikaangalie kamusi. Kamusi ninayo, iko nyumbani kabatini. Sikutaka waone naenda kuichukua.

Hujui mambo yalivyo hapa. Wewe pale stendi unaweza kusema lolote. Mimi huku naitwa Mwingereza. Mtu akipata barua ya hospitali, ya mahakama, ya shule ya mwanawe, ananiletea mimi. Nikipita njiani wazee wa Haubi wananiamkia, mimi, kwa sababu hiyo. Nikisema mbele ya ofisi ya mtaa kwamba sikuelewa, Jumamosi habari itakuwa imeshafika gulioni. Watajiuliza ni barua ngapi nyingine niliwasomea vibaya. Na mimi najiuliza hivyo hivyo, tangu mwezi wa pili silali sawasawa.

Nimefikiria njia. Mwambie mwenyekiti kwamba siku ile nilikuwa na malaria kali, sikuwa na akili timamu. Nitakuandikia barua ya kueleza hivyo na utaipeleka wewe.

Nisaidie katika hili.

Abubakari


Nkuhungu
6 Mei 2024

Kaka,

Salaam. Shikamoo. Usishangae, hii ni ya yale maneno mawili, "ni kweli". Nimeona niyalipie palepale yasije yakarudi.

Mama hajambo. Karanga mpya zimetoka Mpwapwa, nzuri, zina mafuta. Herufi R imekwisha leo asubuhi. T nimeificha chini ya godoro.

Ya malaria nimempelekea Octavian, si kwa sababu naikubali, nilitaka tu kuona uso wake. Akaitazama sahihi yako, akanitazama mimi. "Huyu mwenye malaria," akasema, "mkono wake mbona umetulia kuliko wangu?" Akasema wakili yuko tayari kuipokea sababu ya kweli, kwa sababu akikataa, mtaa utamuuliza kwa nini hakuandika kwa Kiswahili. Lakini sababu iwe ya kweli, na aseme aliyesaini. Tarehe kumi na nane ndiyo kikao. Ikipita hiyo hakuna kikao kingine, kuna jembe na sururu.

Mimi uongo nauuza kila siku. Nauza karanga za akili. Lakini wa Baba siuzi. Ukitaka malaria njoo uiugue mwenyewe mbele ya Octavian.

Unasema mimi pale stendi naweza kusema lolote. Unajua nasema nini? Nasema sijui. Basi la Manyoni linaondoka lini? Sijui. Hii noti ni halali? Sijui, muulize mwenzangu. Nasema sijui toka asubuhi na jioni nakula ugali kama watu. Herufi tano tu, na hazihitaji kamusi. Wewe umesoma mpaka kidato cha nne, hukufika somo hilo.

Na hao wazee wako wanaokuamkia, nakuonea huruma, kaka, lakini nina hasira nao pia. Wanapiga makofi mtu akimfukua baba yake, kwa sababu amemfukua kwa Kiingereza.

Sitakuomba tena. Mama amelijua jambo lote. Hapana, sikumwambia. Alikuja kunitembelea, akanikuta nimeishika karatasi ya T, akauliza, nikasema ni kamusi tu. Akasema, "Mwanangu, mtu hafichi kamusi chini ya godoro." Nikamweleza. Akamimina chai. Akasema, "Abuu tangu mdogo akianguka anainuka haraka aangalie nani kaona, hata kama ameumia." Basi. Hakuongeza, na mimi siongezi.

Tarehe kumi na nane.

Nurdini


Nkuhungu
19 Mei 2024

Kaka Abubakari,

Assalaam alaykum, shikamoo, na hujambo, na zote unazozijua, nazimaliza hapa mwanzoni ili nibaki na nafasi ya kugomba.

Jana nimefika kwenye kikao nimevaa kanzu. Nimemshikilia Mama mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika karatasi ya T. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumtukana wakili ambayo ningeyasema hata ukifika. Tunaingia, ofisi tupu. Octavian anakunywa chai.

"Kikao kiko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna kikao," akasema. "Kaka yako alikuja juzi, Alhamisi. Ameshafuta."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mama akakaa kwenye benchi.

Kumbe ulikuja siku mbili kabla, ukidhani utamkuta peke yake. Ukakuta foleni ya watu wanataka barua za utambulisho, imetoka mlangoni mpaka kwenye mti wa mwarobaini. Octavian anasema ulisimama kwenye foleni kama mtu mwingine, umeshika begi. Ilipofika zamu yako ukaanza kwa Kiingereza. Akakukata, "Mzee, hapa tunaongea Kiswahili, na hawa nyuma yako wana haraka." Anasema uliweka begi chini. Halafu ukasema, na si kwa sauti ndogo, "Nilisaini karatasi ya Kiingereza ya kumfukua baba yangu. Sikuielewa. Nilisema nimeielewa."

Anasema alipiga simu kwa wakili palepale, akaweka sauti watu wote wasikie. Wakili akauliza mara mbili nani anasikiliza, kisha akasema kampuni itapitisha uzio wake nje ya kaburi. Ukaandikiwa barua ya kufuta, ukaisaini. Kwa Kiswahili.

Halafu anasema wakati unageuka, mama mmoja kwenye foleni akakushika mkono wa shati. Bi Mishi, wa Haubi, anaishi huku kwa mwanawe. Ukamtambua, na Octavian anasema ulibadilika rangi kama mtu aliyeona fisi mchana. Akatoa bahasha kifuani, barua ya Kiingereza ya chuo cha mjukuu wake. Akakuambia, "Nisomee hii, baba. Wewe ukikuta usilolijua, utasema."

Na ukaisoma. Umesimama, foleni yote inasubiri. Octavian anasema ulifika katikati, ukaweka kidole, ukasema, "Bibi, hapa sijui." Akakuambia, "Haya, ruka, endelea."

Nimeisikia hiyo habari nikatoka nje kidogo. Usiulize nilienda kufanya nini.

Sasa nakuja kwenye yangu. Ulipotoka pale hukuja Nkuhungu. Sawa, mimi ni mtu wa stendi. Lakini kwa Mama ulifika, na usikatae. Leo ndiyo ameniambia, tangu Alhamisi alinyamaza nayo. Alikuwa jikoni, akakuona dirishani, umevua viatu, umechuchumaa kwa Baba, unakwangua ile rangi kwa kisu cha mfukoni. Hakukuita. Anasema mtu anayeongea na baba yake hakatizwi. Akabandika maji, akasonga ugali wa watu watatu, akapika mlenda, akatuma mtu kuniita stendi niache biashara nije haraka bila kuniambia kwa nini. Alipotoka nje kukukaribisha, umeshaondoka. Kilomita mia na zaidi umesafiri, umeweza kusema mbele ya mtaa mzima, umeshindwa kupiga hodi kwenye mlango wa mama yako.

Nimefika nimekuta sahani tatu. Nikauliza ya tatu ya nani. Mama akasema, "Kula, kinapoa." Sasa ndiyo najua.

Sahani yako niliila mimi, kaka. Yote, na mlenda wote, na nilikuwa nimeshiba.

Mdogo wako,
Nurdini